Tulivyohamisha nyimbo za dansi za Tabora kutoka kwenye kaseti, na tulikokosea

Tulianza na orodha ya vichwa, na hilo ndilo kosa lililotupotezea muda kuliko mengine yote.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali haikuwa nzito. Tulitaka zilipendwa ambazo mtu akizisikiliza atamjua Mtanzania ni mtu wa namna gani. Tuzitoe kwenye kaseti zilizobaki majumbani Tabora na Kigoma, tuandike maneno yake, kisha tuzipige jioni moja mbele ya wazee waliozicheza zilipokuwa mpya. Tukaketi na daftari, tukaandika vichwa: umoja, kazi, amani, uzalendo, mapenzi. Chini ya kila kichwa tukaanza kupanga nyimbo hata kabla ya kugusa kaseti moja. "Mapenzi" ikawa kapu la kutupia kila kilichokosa pa kwenda.

Ukianza hivyo unarudi na jibu lile lile uliloondoka nalo. Na kuna mtego mwingine ndani yake. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama, na Jeshi na Polisi nao walikuwa na bendi zao. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 nyimbo za kusifu siasa zilikuwa sehemu ya kazi yake. Zipo nzuri mno, zina tarumbeta za kukutoa kitini. Lakini ukizichagua kwa kichwa cha "uzalendo" unapata zaidi sauti ya aliyelipa, na kidogo sana ya aliyesikiliza.

Kaseti za watu hazikupangwa kwa vichwa. Kwenye C60 moja, yaani kaseti ya dakika sitini, unakuta wimbo wa msiba, unafuata wa mke anayelalamikia mawifi, unafuata wa kuwacheka wapigaji wa bendi jirani, na katikati mtangazaji anakatwa akiwa bado anasoma jina la anayetumiwa salamu. Mwenye kaseti ndiye aliyekaa na kidole kwenye kitufe akingoja wimbo wake uanze. Uchaguzi wake una uzito kuliko vichwa vyetu vitano. Kwa hiyo tulichana ile orodha, tukaanza upya na kanuni moja: kaseti inaorodheshwa nzima kama ilivyo, upande wa kwanza mpaka wa pili, na kila kilichomo kinapewa dakika yake, pamoja na matangazo, kikohozi na jogoo. Usichague kwanza. Orodhesha kwanza.

Wimbo ambao wengi wangeutaja wa kwanza, "Tazama Ramani", haukuwamo kwenye kaseti hata moja tuliyopewa, na kila aliyetupa kaseti anaujua. Watu wameubeba mdomoni tangu mstarini shuleni, hakuna aliyeona haja ya kuurekodi. Nao unaisifu nchi kwa mito na mabonde ya nafaka kabla ya kumfikia kiongozi, sifa ambayo mkulima wa Urambo au Kasulu anaielewa bila kufafanuliwa. Wimbo wa Taifa tuliukuta mara mbili, mwishoni kabisa mwa upande wa pili: mtu alipitiwa na usingizi redio ikiwa inarekodi mpaka kituo kikafunga. Tusingeorodhesha kaseti nzima tusingeufikia.

Kwa nini Tabora? Kwa sababu ya reli, kwa kweli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912 na kugusa ziwa Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Mji ulio njia panda unapata wapigaji kutoka pande zote. Tabora ilikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, mtu aliyeifanya mandolini iongoze dansi, ilikuwa na Nyanyembe Jazz, na ilikuwa na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Shem Ibrahim Karenga, aliyeimba "Dada Asha", alitoka Kigoma. Na Kigoma ng'ambo ya maji ni Kongo, ambako ufundi wa magitaa matatu yanayojibizana ulikuwa umeshapikwa ukaiva. Ukisikiliza kaseti za Ujiji, Kigoma, na za mtaa wa Ng'ambo, Tabora, siku moja, utashindwa kusema mpaka uko wapi.

Sasa mashine, maana hapa ndipo wengi wanapoua nyimbo wakidhani wanaziokoa.

Kaseti ukiipokea usiitie kwenye redio siku hiyo hiyo. Itazame kwanza kwenye mwanga kupitia kidirisha. Za Tabora zilikuja na vumbi jekundu, na vumbi linapulizwa likatoka. Za Kigoma, zilizokaa karibu na ziwa, baadhi zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, kama unga uliopulizwa. Yenye ukungu ukiicheza inauhamishia kwenye kichwa cha mashine, kile kinachosoma utepe, na kutoka hapo kwenda kila kaseti itakayofuata. Tenga zenye ukungu kwenye mfuko wake, zifanye mwisho kabisa, na usafishe mashine baada ya kila moja.

Kisha tazama vijino viwili vya plastiki nyuma ya ganda. Kama bado vipo, vivunje kabla ya jambo lolote. Vikiwepo, kaseti inaweza kurekodiwa juu yake. Tulipuuza hilo kwa kaseti ya tatu, kidole kikabonyeza vitufe viwili pamoja kwa mazoea ya zamani, na sekunde kumi na moja za utangulizi wa gitaa zikageuka ukimya. Hazirudi.

Utepe uliokaa miaka bila kuchezwa huwa umegandana. Ingiza penseli kwenye tundu, zungusha taratibu uone kama unasogea bila kung'ang'ania. Ukisogea, ukimbize mbele mpaka mwisho na kuurudisha mwanzo, mara moja, ndipo ucheze. Ukigoma, usilazimishe. Ganda lenye skrubu tano linafunguka kwa bisibisi ndogo, unahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda jingine zima. Ganda lisilo na skrubu limegundishwa. Hilo linapasuliwa kwa wembe kwenye mshono, polepole, juu ya trei ili kisipotee kitu. Nunua kaseti mbili tatu za hovyo sokoni kwa ajili ya maganda tu. Ndani, chini ya utepe, kuna kisponji kilichobandikwa kwenye bati jembamba. Kikidondoka, sauti inakuwa hafifu na inayoyoma, na utadhani wimbo umeharibika kumbe ni gundi iliyokauka. Mara nne tulidhani hivyo.

Mashine tuliyoanza nayo ilikuwa redio kaseti ya kawaida, na ilitosha baada ya fundi kubadilisha mpira wa ndani uliolegea. Safisha kichwa na kile kinguzo cha chuma kinachovuta utepe kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, mpaka pamba itoke nyeupe. Rola ya mpira ipangusie kitambaa chenye maji kidogo tu, kwa sababu spiriti inaikausha na kuipasua. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yenye kichwa kilichokaa kwa mwelekeo wake, kwa hiyo cheza mahali penye matoazi, zungusha skrubu hiyo robo ya mzunguko huku na huku, utasikia sauti ikitoka kwenye blanketi na kuwa angavu. Pale ilipo angavu kuliko kwingine, acha. Kazi ya dakika mbili hiyo, nayo inasaidia kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti.

Waya utoke kwenye tundu la hedifoni uingie kwenye tundu la laini (line in) la kompyuta. Tundu la maiki liache, sauti itapasuka. Tulitumia Audacity, programu ya kurekodi sauti inayopatikana bure. Rekodi faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, chaneli mbili hata kama wimbo ni wa spika moja, na kilele cha sauti kisivuke alama ya −6 dB. Kwa kipimo cha 44.1 kHz na biti 16 dakika moja inakula takribani MB 10, yaani C60 ni MB 600 hivi. Ukipanda mpaka 48 kHz na biti 24, C60 inakaribia GB 1. Tulichagua hii ya pili kwa sababu kaseti nyingine hazitachezeka mara ya pili. MP3 ni ya kutumiana kwenye simu tu. Na C60 inachukua saa nzima, hakuna njia ya mkato. Umeme ukikatika dakika ya hamsini unaanza tena, kwa hiyo tumia kompyuta mpakato yenye betri inayokaa na redio yenye betri mpya.

Betri mpya, nasisitiza. Tulipata wimbo wa Tabora Jazz ambao mwimbaji alisikika kama mtoto wa darasa la tatu na magitaa yakikimbia kama yanadaiwa. Tulidhani mashine yetu ni mbovu. Kumbe aliyeurekodi zamani alikuwa na betri zinazokwisha. Utepe wake ulikuwa ukitembea polepole wakati wa kurekodi, na sasa ukichezwa kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinapanda juu. Namna ya kurekebisha ni kupunguza mwendo kwenye programu, lakini upunguze kiasi gani? Usipime kwa kinanda, maana bendi zilikaza nyuzi kwa kusikilizana zenyewe. Tafuta nakala nyingine ya wimbo huo huo ulinganishe. Au kama redio ya zamani ilikuwa ikitumia umeme wa ukutani, ule mvumo wa chini chini ni wa 50 Hz, kwa hiyo ukiusoma kwenye programu umekaa 54 unajua umepanda kwa asilimia nane. Betri zinapozidi kuisha mwendo unazidi kupungua, kwa hiyo mwisho wa wimbo utahitaji kipimo tofauti na mwanzo wake.

Kosa la pili kwa ukubwa lilikuwa la mkasi. Tulikuwa tumeamua kwamba tabia ya watu iko kwenye maneno, basi kila wimbo tuliukata pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yanapochukua uwanja. Dakika tatu za maneno zikabaki, dakika tatu za chemko, yaani ile sehemu ya magitaa, zikatupwa. Faili zikawa ndogo, tukafurahi.

Kuna sababu ya kihistoria iliyotupumbaza. Nchini hapakuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania, kundi zima chumba kimoja, na santuri za kuuzwa zilitengenezwa Nairobi. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika inabeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza maneno, unageuza, upande wa pili chemko. Aliyekopi kwenye kaseti akiwa mvivu wa kugeuza alipata nusu. Nakala nyingi zinazozunguka leo ni hiyo nusu ya kwanza, na masikio yetu yalishazoea kwamba wimbo unaishia pale.

Tulipowapigia wazee watatu wa Isevya nakala ya majaribio, mmoja aliyekuwa mpiga tumba alitusikiliza mpaka mwisho wa kipande cha kwanza, akangoja. Kimya. Akauliza, "Umeme?"

"Hapana mzee, ndipo unapoishia."

"Unapoishia wapi? Hapo ndipo tulikuwa tunanyanyuka, mwanangu. Hayo maneno tulikuwa tunayasikilizia vitini."

Akaeleza, na tangu siku hiyo hatujasikiliza dansi kama zamani. Maneno yalikuwa ya kutafakari. Watu walikaa na vinywaji, wakamsikia mwimbaji akimsema mume mlevi au binti anayebadilisha wachumba, na kila mmoja alijua anayesemwa yuko meza gani. Chemko likianza wote wanainuka, aliyesemwa na aliyesema, uwanja mmoja. Usiponyanyuka wewe, umekiri kwamba wimbo ni wako. Ukitupa chemko umetupa suluhu na kubakiza ugomvi.

Tulirudia kaseti zote tulizokuwa tumekata. Saa kumi na tisa za kazi.

Maneno nayo yana shida yake. Utaratibu uliotufaa mwishowe ni huu: mtu wa kwanza anasikiliza peke yake na kuandika, wa pili anaandika bila kuona daftari la wa kwanza, kisha wanalinganisha. Palipo na tofauti panarudiwa kwa mwendo wa robo tatu bila kuifanya sauti iwe nzito, Audacity inafanya hivyo. Pasiposikika paandikwe "haisikiki" na dakika yake, pasijazwe kwa kubahatisha. Wimbo wa dakika nne ulitumaliza saa mbili mpaka tatu. Nyimbo zenye beti za Kilingala tuliwapelekea watu wa Ujiji na Mwanga, kwa sababu sisi tulikuwa tumezigeuza kuwa Kiswahili kisicho na maana, na cha ajabu kila mmoja wetu alikisikia kwa namna yake. Andika mwimbaji anavyotamka. Akisema "mie", usimsahihishe kuwa "mimi".

Mfano mmoja utatosha. Kwenye wimbo ambao mwenye kaseti hakuuandika jina, sote wawili tuliandika kwamba mume analia, "kila siku ananionea." Tukajaza na maelezo: mke mkorofi, mume mpole. Tukamsomea bibi mmoja wa Gongoni aliyekuwa akichambua karanga. Hakuacha kuchambua.

"Huyo haonewi. Anaonywa. Rudisha."

Tukarudisha. Kwa kichwa kilichonyooshwa ile skrubu, ilisikika wazi: ananionya. Irabu moja imeanguka, na mtu mkorofi kwenye wimbo mzima amebadilika. Mume ndiye anayekuja usiku wa manane, mke anamwonya, na mume anatusimulia akitegemea tumwonee huruma. Mtunzi alikuwa amemwacha mlevi ajitetee mpaka ajianike mwenyewe. Sisi tuliosoma tulinaswa. Bibi hakunaswa.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kitu ambacho hakikuwamo kwenye vile vichwa vitano. Husemwa kwamba Mtanzania ni mpole, hapendi kelele. Kwenye hizi kaseti malalamiko ni mengi kuliko sifa: mahari, mawifi, ulevi, umaskini, kifo. Upole uko kwenye namna ya kuyatoa. Kwanza, wimbo una mtu unayemwita. Tazama majina ya zile zilizopendwa: "Georgina" na "Zuwena" za Marijani Rajabu, "Neema" ya bendi ya Mlimani Park, "Dada Asha" yenyewe. Huyu wa mwisho anaitwa dada, kama unavyoanza na salamu kabla ya kutoa shida yako kwa mtu unayemheshimu. Pili, anayelalamika huanza na unyonge wake mwenyewe. "Malaika" ni mfano ambao kila mtu anaujua: mwanamume anapenda, hana mali ya kuolea, na anasema hivyo waziwazi. Wimbo huo ulirekodiwa Kenya na Fadhili William, na nani hasa aliutunga ni ugomvi wa miaka mingi ambao sisi hatuuingilii, lakini kijana yeyote wa Kaliua anayekusanya mahari anauona ni wake.

Tatu, jambo zito linavikwa sauti tamu. Hapa mwimbaji Remmy Ongala ni darasa. "Mnyonge Hana Haki" ni shitaka kamili, na unaucheza. "Kifo" unataja kile ambacho watu hukwepa kukitaja, na unaucheza pia. Alipoimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na watu wakaupata kwenye kaseti. Yeye alizaliwa Kindu, Maniema, Kongo. Msikilizaji wa mbali huona ajabu kwamba sauti ya mnyonge wa Tanzania ilikuwa ya mtu wa Kongo. Ujiji na Tabora hakuna anayeshangaa, mitaa mizima ni ya Wamanyema waliofika na misafara ya karne ya 19 wakabaki. Ukirudi kwenye ule Wimbo wa Taifa mwishoni mwa kaseti utaona jambo hilo hilo: ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, Tanzania inangoja ubeti wa pili, na muziki wenyewe ulitungwa Afrika Kusini na Enoch Sontonga mwaka 1897. Taifa linalojitambulisha kwa wimbo wa jirani, tena likimwombea jirani kwanza, halitakupa tabia yake ukiitafuta ndani ya mipaka tu.

Na utani. Hili tulikaribia kulikosa kabisa, maana lipo kwenye maneno yanayotupwa katikati ya chemko, yasiyoandikwa popote. Mtindo wa bendi ulikuwa kama jina la ukoo. Msondo (ndiyo ile NUTA Jazz) na Sikinde (ndiyo Mlimani Park) wa Dar es Salaam wametupiana vijembe miaka na miaka, na wapenzi wao nao. Hapa Tabora wapenzi wa bendi tatu waliishi mtaa mmoja. Mzee wetu wa tumba alisema walikuwa wakivijibu vijembe Jumamosi inayofuata, na aliyepigwa kijembe kizuri alikuwa wa kwanza kucheka. Kwa Mnyamwezi, ambaye mtani anaweza kumfanyia vituko hata msibani na asinune, hilo ni la kawaida.

Jioni yenyewe ilikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya mtu, chini ya mwembe, spika mbili, benchi za kuazima. Makosa yalikuwa madogo lakini tuyaseme. Tulipanga nyimbo kumi na nane, zikapigwa tisa, kwa sababu kila wimbo ulizaa maneno ya robo saa. Panga nusu ya unazodhani zitatosha. Tulianza na za haraka, wazee wakachoka mapema. Anza na za taratibu. Rekodi mazungumzo kwa simu ya pili iliyo mbali na spika, ile iliyokuwa karibu haikuambulia kitu. Omba ruhusa ya kuwarekodi kabla hujabonyeza, kwa jina la kila mmoja, na asiyetaka aheshimiwe.

Wimbo wa mke anayeonya ulipigwa wa sita. Ulipofika kwenye ule mstari, mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo alinyanyuka, akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akaenda mbele kumtuza mwimbaji kama ilivyokuwa ukumbini. Mwimbaji hayupo. Akasimama kidogo, akaiweka ile noti juu ya spika, akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Chemko lilipoingia walinyanyuka wengi.

Kuhusu haki: kumiliki kaseti si kumiliki wimbo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo karibu kila kitu tulichohamisha bado kina mwenyewe au warithi wake. Kuhifadhi nyumbani ni jambo moja, kupandisha kwenye mtandao ni jingine. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uulize mambo mawili: wimbo umesajiliwa kwa jina la nani, na mirabaha yake kwa sasa inakusanywa na nani. Hata kwa jioni ya watu arobaini, uliza. Na familia za wanamuziki zitafuteni mapema. Sisi tulichelewa, tukamkuta mtoto wa mpiga besi mmoja ameshasikia kwa watu kwamba nyimbo za baba yake zinapigwa mjini. Alikuwa na haki ya kukasirika. Tulimpelekea nakala ya kila faili kwenye flashi, akatupa majina sahihi ya wapigaji wanne ambayo tulikuwa tumeyaandika ovyo.

Kila faili sasa lina karatasi yake: kaseti imetoka mtaa gani, aina yake, upande, dakika, kasi iliyorekebishwa kwa asilimia ngapi, nani aliyesikiliza maneno, wapi haisikiki. WAV halijaguswa, marekebisho yote yako kwenye nakala. Nakala moja iko Tabora, ya pili Kigoma, kwenye diski mbili tofauti, na kila miezi sita tunazifungua kuona kama zinasomeka.

Imebaki C120 moja, kaseti ya dakika 120, kutoka Kibirizi, Kigoma. Utepe wa C120 ni mwembamba kuliko wa nyingine zote, na huu una ukungu kingo zote mbili na umegandana. Kwenye ganda kuna maneno mawili ya kalamu ya wino, "usifute hii". Tumeutoa kwenye mfuko, tumeuweka mahali pakavu ndani ya sanduku lenye mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, na penseli tunaijaribu mara moja kwa wiki. Wiki iliyopita gurudumu la kushoto lilizunguka nusu.